Chuchu ya wino: majibu kwa walioniandikia

Baada ya kueleza jinsi chuchu inavyoweza kuchorwa kwa tatuu kwa aliyetolewa titi kwa sababu ya saratani, nilipokea maswali mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

*Nilitolewa titi na kutengenezewa jingine wiki nane zilizopita. Naweza kuchorwa sasa?*

Subiri kidogo, dada. Titi jipya bado linashuka na kubadili umbo, hivyo chuchu ya leo huenda kesho ikawa imekaa upande. Kovu nalo likiwa changa hushika wino kwa mabaka. Wengi huambiwa wangoje miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji wa mwisho, na waliopigwa mionzi hungoja zaidi, maana ngozi yao hupona polepole. Ruhusa aitoe daktari wako. Mchoraji asiyeuliza habari za daktari, mkimbie.

*Inauma? Na itafanana na chuchu ya kweli?*

Upasuaji hukata mishipa ya fahamu, kwa hiyo wengi husikia mguso tu, ingawa si wote. Ukiitazama, utadhani imejitokeza, kwa sababu mchoraji hodari hucheza na mwanga na kivuli. Ukiigusa ni tambarare, na hisia hairudi. Usishtuke ikiwa nyeusi mno siku za mwanzo. Ngozi ikipona rangi hupungua, na baada ya wiki kadhaa hurudiwa pale ilipofifia. Hakikisha sindano ni mpya na imefunguliwa mbele yako, kwani sindano iliyokwisha kutumika huweza kuambukiza homa ya ini na VVU.

*Ngozi yangu huota keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua.*

Basi mwone daktari wa ngozi kwanza. Kila tundu la sindano ni jeraha, na jeraha huweza kuamsha keloidi. Ningekuwa wewe, ningeanza na chuchu za silikoni za kubandika. Hubandikwa na kubanduliwa bila kidonda.

*Tatuu itaniharibia vipimo?*

Haikuzuii kupimwa. Mwambie tu mpimaji mapema: baadhi ya wino una madini ya chuma yanayoweza kupata joto kwenye MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku), na chembe za wino huweza kusafiri hadi tezi za kwapani na kumchanganya anayesoma picha.

*Mimi ni mwanaume, nilitolewa titi. Naona aibu kuuliza.*

Umefanya vema kuuliza, kaka. Takriban mmoja kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti ni mwanaume. Chuchu yako huchorwa vilevile, ila duara lake huwa dogo.

*Mume wangu anataka nitengenezewe titi na kuchorwa, "ili urudi kama zamani." Mimi nimeshakizoea kifua tambarare. Nina makosa?*

Huna kosa lolote, mama. Kifua tambarare ni uamuzi kamili, wala si matibabu yaliyoachwa njiani. Upasuaji wa nyongeza ni dawa ya usingizi tena, kovu tena, na wiki za kuuguza tena. Anayeutaka aufanye kwa moyo wake mwenyewe. Wapo pia wanaochora maua juu ya kovu na kuacha habari ya chuchu kabisa.

Nadhani "zamani" anayoitaka mumeo ni ile kabla hamjalitamka neno saratani nyumbani mwenu. Hiyo hakuna mchoraji wa kuirudisha. Muulize anaogopa nini. Nimesikia wengi waliovua nguo gizani kwa miezi: mume anageukia ukutani akidhani anamstahi mkewe, mke analia kimya akidhani anachukiwa. Siku utakayokuwa tayari, acha taa iwake, umshike mkono umwongoze: hapa pana ganzi, hapa bado panauma, hapa waweza kushika.