Maswali ya wasafiri: Kilwa, Kitulo na kona nyingine za Tanzania

Nipo Dar, nina siku tatu na fedha kidogo. Bagamoyo nimeichoka, Zanzibar siimudu. Niende wapi?

Kilwa. Panda basi la kusini linalopita Mbagala, uliza kama linaingia Kilwa Masoko au linakushusha njia panda ya Nangurukuru. Ukishushwa Nangurukuru si balaa, usafiri mdogo wa kwenda Masoko upo. Ni kilomita kama 300 kutoka Dar, basi siku ya kwanza ihesabu imeliwa na safari.

Siku ya pili ni ya Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Kibali na mwongozaji vinapatikana hapo Masoko, kabla ya kuvuka kwa boti. Beba kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha Mtanzania si cha mgeni. Nenda asubuhi, saa sita jua la pale halina huruma na vivuli ni vichache.

Usifanye haraka ndani ya Msikiti Mkuu. Kaa chini ya kuba, tazama nguzo za mawe ya matumbawe, kisha ukumbuke kuwa msafiri Mmoroko Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 akausifia uzuri wake. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilikuwa ikipita hapa, na masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe. Chache ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia! Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana hadi leo. Mwambie mwongozaji akufikishe pia Husuni Kubwa, jumba la sultani lililo juu ya jabali la bahari, lenye birika la pembe nane. Wengi huishia kwenye ngome ya Gereza na msikitini kwa uvivu wa kutembea, wakakosa mahali ninapopapenda kuliko pote kisiwani.

Siku ya tatu, ukipata nafasi kabla ya kugeuza, pitia Kilwa Kivinje uone magofu ya enzi za Wajerumani.

Nilikwenda Kitulo mwezi Agosti kuona "Bustani ya Mungu". Nimekuta nyasi kavu na baridi ya kuvunja mifupa. Nilidanganywa?

Hukudanganywa, dada, ulikosea majira. Maua ya Kitulo hufuata mvua: kuanzia Desemba hadi Aprili. Tatizo ni kwamba mvua hiyo hiyo hulainisha barabara, na ule mlima wa kutoka Chimala kwenda Matamba una kona zaidi ya hamsini. Tafuta gari lenye nguvu na dereva asiye na haraka.

Ukiona okidi, usiing'oe. Viazi vyake vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya uwanda ule uwe hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Kimondo cha Mbozi kinastahili safari?

Safari ya peke yake kutoka Dar, hapana. Ila kama unakwenda Tunduma, kuchepuka ni lazima. Ni bonge la chuma la tani zaidi ya kumi lililodondoka kutoka angani. Ligonge kwa kidole uone lilivyo baridi, basi, endelea na safari yako.

Mimi ni mwalimu, napeleka wanafunzi kuona michoro ya kale ya miambani ya Kondoa. Kuna mtu ameniambia tukiimwagia maji itaonekana vizuri kwenye picha. Ni kweli?

Itang'aa dakika mbili, mwalimu, na kila ukimwagia ndivyo unavyoiharibu. Tafadhali msimwage, wala msiguse. Michoro hii imo kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Shukeni Kolo, kwenye barabara ya lami ya Dodoma–Babati, mchukue mwongozaji. Waambie watoto mapema pia kwamba baadhi ya mapango yale bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji. Mkikuta sadaka, mziache zilivyo.

Papa potwe wa Mafia anauma? Na ni miezi gani?

Haumi, chakula chake ni viumbe vidogo vinavyoelea majini. Oktoba hadi Machi, upande wa Kilindoni. Boti za kwenda Mafia kutoka Nyamisati, upande wa bara, husubiri maji yajae, kwa hiyo uliza saa ya kuondoka siku moja kabla, usije ukalala gatini.