Muulize Anko wa Safari: Bonde la mto Wye, Wales ng'ambo hii Uingereza ng'ambo ile

Tangu niugusie mto Wye toleo lililopita maswali yamemiminika kuliko nafasi niliyopewa, nimechagua manne. Kwa aliyekosa toleo lile: ni mto unaoanzia mlima Plynlimon katikati ya Wales, unajizungusha weee kama kilomita 250 hivi, afu unamalizikia kwenye mlango wa mto Severn chini kidogo ya mji wa Chepstow. Kile kipande cha chini, kuanzia Redbrook mpaka Chepstow, mto wenyewe ndo mpaka, magharibi Wales mashariki Uingereza. Na leo nikisema Uingereza namaanisha ile ya Waingereza tu sio UK nzima, msinichanganye.

Shikamoo anko. Mi nasoma Bristol, viza yangu ya masomo ni ya UK. Wenzangu wanataka twende Wye Jumamosi moja kutembea kwa miguu, gari hatuna, siku ni hiyo moja tu. Je nibebe pasipoti sababu ya mpaka? Na njia naona ni nyingi, kuna Offa's Dyke kuna Wye Valley Walk, tushike ipi? Mi muoga wa kupotea. — Binti wa Bristol

Marahaba mwanangu. Pasipoti iache kabatini. Viza yako inakubeba UK nzima, hakuna geti, hakuna askari, hela ni paundi ileile. Utakachoona ni vibao tu. Ukishaingia Wales kila kitu kimeandikwa mara mbili, Kiwelsh na Kiingereza, mto wenyewe huko wanauita Afon Gwy, kwenye lami utakuta ARAF kwa herufi kubwa nyeupe yaani polepole, na kwenye njia ya miguu utasoma Llwybr Cyhoeddus, njia ya umma. Hilo neno Llwybr wala usijaribu kulitamka mbele za watu, ulimi utakuaibisha.

Kuhusu njia, mimi ushauri wangu ni mmoja na huwa siubadilishi: shikeni zote mbili. Nendeni kijiji cha Tintern kwa ng'ambo ya Wales, rudini kwa ng'ambo ya Uingereza. Watu kibao wanapita upande mmoja, wanapanda basi wanarudi, afu wanakwambia bonde tumeliona. Mmeona nini sasa, wakati uzuri wa ng'ambo hii unaonekana ukiwa ng'ambo ile?

Treni mnabadilisha Newport, mnashuka Chepstow, hapo mpaka mtoni ni mwendo mfupi tu. Kabla hamjaanza safari nendeni kwanza daraja la zamani la chuma, la mwaka 1816, msimame katikati, mguu mmoja Wales mguu mmoja Uingereza, mpige picha zenu yaishe. Afu angalieni chini. Mlango wa Severn ni kati ya sehemu zenye kujaa na kupwa kukubwa kabisa duniani, kwahiyo siku za bamvua maji hapo Chepstow yanapanda na kushuka zaidi ya mita 12, nyie fikirieni nyumba ya ghorofa nne inajaa na kukauka mara mbili kwa siku. Mkifika yamekupwa mtakuta kingo zote mbili ni matope ya kahawia, yamelala kwa mteremko na yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na katikati kamto kembamba utadhani kameomba njia. Mkirudi jioni mto umejaa pomoni na maji yanakwenda kinyume, yanapanda kuelekea milimani. Mi mara ya kwanza nilidhani nimechoka macho.

Juu ya jabali upande wa Wales ni ngome ya Chepstow, ilianza kujengwa 1067, mwaka mmoja tu baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza. Milango yake ya mbao ya karne ya 12 bado ipo, imehifadhiwa ndani, msiipite bila kuiona.

Sasa kupotea. Fuateni kibao chenye samaki samoni anaruka, hiyo ndo Wye Valley Walk, inawapitisha msitu wa Piercefield, mtapenya kwenye tundu la mwamba wanaloliita Giant's Cave, afu mnapanda mpaka Eagle's Nest, juu ya jabali la Wyndcliff. Hapo kaeni chini mle mlichobeba. Mto unaonekana umejikunja kama mkanda uliotupwa sakafuni, na kwa mbali madaraja ya Severn. Kutoka hapo ni kuteremka msituni hadi Tintern, kwenye magofu ya abasia ya watawa wa Sistersiani iliyoanzishwa 1131 na kufungwa 1536 enzi za mfalme Henry wa 8. Bati la paa, la madini ya risasi, liling'olewa, kuta zikabaki, na mpaka leo madirisha makubwa ya mawe yamesimama hayana kioo, yamejaa mawingu. Wordsworth alitunga shairi lake maarufu kuhusu eneo hili 1798, mchoraji Turner naye alishakuja kuchora kabla yake, na kabla yao wote matajiri walishakuwa wanakodi mashua kutoka mji wa Ross kushuka mpaka Chepstow kutazama mandhari tu. Utalii huko sio wa juzi.

Kurudi, vukeni daraja la zamani la reli pale Tintern, mmeshaingia Uingereza. Pandeni. Ni mlima wa kweli huo, msidanganyike na ramani. Mkikutana na kibao cha tunda la mwaloni hiyo ndo Offa's Dyke Path, mgeuke kusini. Hapo juu kuna mwamba unaitwa Devil's Pulpit, hadithi yao inasema shetani alikuwa anasimama pale kuwahubiria watawa walioko ng'ambo waache utawa. Mkisimama pale mtaiona abasia nzima chini yenu, ndogo kama kiberiti, na ndo mtaelewa kwanini nimewaambia mrudi kwa huku. Mbele zaidi mtapita Wintour's Leap, jabali limekatika wima, msisogee ukingoni kutafuta selfi.

Mzunguko wote ni kama kilomita 19 au 20, masaa saba na kupumzika. Buti za kushika chini ni lazima. Mwenzenu nilikwenda Novemba na raba za mazoezi, mawe ya Wyndcliff ni ya chokaa na yamefunikwa majani mabichi, nikateleza nikakalia jiwe mbele za wazee wawili wa miaka 70 na ushee waliokuwa wanashuka kama mbuzi. Nikafika Tintern nachechemea, basi namba 69 la mwisho limeshaondoka, maana sikuangalia ratiba na basi lenyewe sio la kila dakika. Kosa langu kabisa. Desemba jua linazama saa kumi jioni, kwahiyo nyie nendeni Mei, msitu umejaa maua ya bluu na harufu ya kitunguu saumu pori, au Oktoba majani yakigeuka rangi. Ramani ni ya Ordnance Survey namba OL14, ya karatasi, sababu simu mle bondeni mtandao unakata.

Anko habari za kazi. Mke wangu anasema hizi safari za mabonde ni mambo ya wazungu, sisi hatuna letu pale. Nimjibu nini? — Mume wa Cardiff

Salama kaka. Shemeji mpelekee salamu, halafu mpeleke Piercefield, pale ambapo wale mabinti watapita. Kwenye nyasi karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Chepstow kuna jumba limebaki kuta tupu. 1802 jumba hilo na mashamba yake lilinunuliwa na Nathaniel Wells. Alizaliwa 1779 kisiwa cha St Kitts huko Karibi, mama yake mtumwa aliyeitwa Juggy, baba yake tajiri wa mashamba ya miwa mwenye asili ya Cardiff, na huyo baba ndo alimrithisha mali. Mwaka 1818 Wells akawa Sherifu wa kaunti ya Monmouthshire, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Uingereza nzima na Wales.

Ila usimpambe sana ukimsimulia. Utajiri wake ulitoka kwenye watumwa na yeye mwenyewe aliendelea kuwamiliki, na utumwa ulipofutwa alikuwa kwenye orodha ya mabwana waliolipwa fidia. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Na hizo njia za miguu za Piercefield zilichongwa miaka ya 1750 na mmiliki wa zamani zaidi, Valentine Morris, naye familia yake ilikuwa ya mashamba ya miwa, ya Antigua. Yaani kila kona nzuri uliyotengenezewa usimame utazame mto, imelipiwa na jasho la watu weusi waliokuwa ng'ambo ya bahari. Sasa muulize shemeji kama hatuna letu pale.

Anko, nina watoto wa miaka 6 na 9, kilomita 20 hawawezi. Kuna kipande chepesi? Na wataniomba kuogelea tu, nawajua. — Mama Wawili

Dada, kuogelea huku chini hapana, na usilainike. Kujaa na kupwa kwa bahari kunafika mpaka Bigsweir, juu ya Tintern, mkondo una nguvu na yale matope yanameza mguu mpaka gotini. Afu mto wenyewe unaumwa. 2023 wataalamu wa serikali waliushusha daraja wakasema hali yake mbaya na inazidi kushuka, mbolea ya kuku ikilaumiwa sana kwa kuingiza fosfeti inayolisha mwani.

Kipande chepesi kipo. Waanzishe kwenye stesheni ya zamani ya Tintern, treni za abiria ziliacha kupita 1959, mfuate mto mpaka kwenye abasia, mvuke lile daraja la reli uwaambie sasa mko nchi nyingine, watapenda wenyewe. Au nenda Redbrook, huko kuna daraja la miguu lililoshikizwa kwenye daraja la reli ya zamani, ukimaliza kuvuka unaingia baa ya Wales wakati gari umeliacha Uingereza. Symonds Yat pia, ingawa pale ng'ambo zote mbili ni Uingereza: kuna kivuko ambacho mwenye mashua anakivuta kwa mikono kwenye kamba iliyokatiza mto, na juu ya mwamba watu wanaweka darubini kuangalia ndege aina ya kozi. Wakikutana na ng'ombe mwenye ndama wazungukeni mbali, na geti mlilolikuta limefungwa mlifunge.

Mkuu, ule mtaro wa Offa (Offa's Dyke) ndo mpaka wenyewe? Na naweza kupiga hema popote? — Mtembezi

Mtaro hapana. Mfalme Offa wa Mercia, ufalme wa zamani upande wa Uingereza, aliyetawala 757 hadi 796, aliinua tuta la udongo na kuchimba handaki upande unaotazama Wales, ila mpaka wa leo unalifuata tuta hilo sehemu chache tu, kwengine umelihama kabisa. Njia yenye jina lake ilifunguliwa 1971, kilomita 285 kutoka Sedbury karibu na Chepstow mpaka Prestatyn kaskazini, na hata yenyewe hailifuati tuta kila mahali.

Hema popote pia hapana, ardhi karibu yote ina mwenyewe na njia ya umma inakupa haki ya kupita tu sio kulala, iwe Wales iwe Uingereza. Lala kempingi za kulipia. Na ukiwa ng'ambo ya Forest of Dean chakula usikiache nje ya hema, mle msituni kuna nguruwe pori, na hao kibao cha Llwybr hawakisomi.