Nikinunua nyumba Uturuki ili nipate ukaazi, je, hiyo ni hijra? Na bei ya kuandikiwa inafaa?

SWALI

Assalaam alaykum shehe wangu. Mimi ni mfanyabiashara wa korosho na ufuta hapa Mtwara, na kwa muda sasa nachukua mashine na nguo Istanbul. Wakala mmoja ameniambia nikinunua nyumba ya dola 200,000 kule, nitapata kibali cha ukaazi mimi, mke na watoto. Nyumba niliyoipenda inauzwa dola 160,000. Wakala anasema hilo lisinisumbue: mthamini ataandika 200,000, nitapitisha fedha yote benki, kisha muuzaji atanirudishia 40,000 mkononi. Fedha yenyewe hainitoshi, nafikiria kuiweka rehani nyumba yangu ya hapa kwa mkopo wa benki. Mama yangu yuko Newala, miguu haimbebi tena, na hakutaka niende. Nilipomwambia kwamba ninahama kwa ajili ya dini, nakwenda nchi ya Waislamu, akanyamaza. Je, safari hii ni hijra? Na nyumba ile, nikishainunua, ina zaka?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, nitaanza na lile ulilolipitia haraka kana kwamba ni shughuli ya karani tu, yaani bei ya kuandikiwa. Hilo ni haramu, na sikuoni na udhuru wowote unaolihalalisha.

Serikali ya Uturuki iliweka kiwango hicho cha dola 200,000 mwezi Oktoba 2023, kwa mgeni anayeomba ukaazi kwa sababu ya kumiliki nyumba. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa chini zaidi, na kilipandishwa kwa makusudi. Wenye nchi wameweka sharti lao, nawe unaomba kukaa kwao kwa sharti hilo. Ukipeleka karatasi inayosema 200,000 ilhali wewe, muuzaji na wakala mnajua ni 160,000, umetoa ushahidi wa uongo. Wala hautoi peke yako. Mthamini anatia sahihi, muuzaji anatia sahihi, na mkalimani aliyeapishwa, ambaye mgeni asiyejua Kituruki lazima awe naye siku ya kuhamisha hati, anayasoma maneno yale mbele ya ofisa. Katika hadithi ya Abu Bakra, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitaja madhambi makubwa hali ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi sawasawa, akawa anarudia kuutaja mpaka masahaba wakatamani laiti angenyamaza.

Najua linalosemwa barazani: serikali ile si yangu, na hakuna masikini niliyemdhulumu. Basi sikiliza kisa cha Hudhayfa bin al-Yaman, kilichomo katika Sahihi Muslim. Yeye na baba yake walikamatwa na makafiri wa Kikureshi, wakaachiwa kwa ahadi kwamba hawatapigana pamoja na Mtume. Ikaja Badr, siku ambayo Waislamu walikuwa wachache na kila mtu alihitajika. Mtume akawaambia waende zao, akasema tutawatimizia ahadi yao na tutamtaka Allah msaada. Ahadi hiyo walipewa maadui, na ilichukuliwa kwa nguvu, na bado ilitimizwa. Itakuwaje ahadi unayokwenda kuitoa kwa hiari yako, kwa watu wanaokufungulia mlango wa nchi yao? Allah anasema katika Suratul Israa, aya ya 34, kwamba ahadi itaulizwa.

Kwa hiyo nyumba ya 160,000 haikupi ukaazi, na hiyo ndiyo kweli ya mambo. Tafuta nyingine inayofika bei kwa haki, au ngoja msimu mwingine, au endelea kwenda Istanbul kwa viza ya biashara kama unavyofanya sasa. Tena usitoe arubuni kabla ya kuuliza mtaa wenyewe. Mwaka 2022 Uturuki ilifunga mitaa 1,169 isiandikishe wageni wapya, kwa kuwa wageni walishazidi asilimia 20 ya wakazi. Mtu anaweza kununua nyumba nzuri kwa fedha halali akakuta kibali hakitoki kwa sababu ya mtaa. Wakala asiyekutajia hilo lakini akakufundisha namna ya kuandika bei, mtazame vizuri.

Sasa hijra. Hijra ya wajibu ni ya mtu anayezuiwa kuisimamisha dini yake mahali alipo, naye ana uwezo wa kutoka. Wewe uko Mtwara. Adhana unaisikia mara tano kwa siku, Ijumaa unaswali, watoto wana madrasa, na Ramadhani hakuna anayekushurutisha kula mchana. Mtume (s.a.w.) alisema baada ya kufunguliwa Makka kwamba hakuna hijra tena, ila jihadi na nia. Wanachuoni wameeleza kwamba mtu hahami nchi ambayo Uislamu umeenea akaita hijra. Unachokitaka ni kupanua biashara na kuwapa watoto nafasi. Hilo ni halali, na halihitaji jina kubwa kuliko lilivyo. Allah anasema katika Suratul Mulk, aya ya 15, kwamba ameifanya ardhi iwe nyepesi kwetu, basi tutembee pande zake na tule katika riziki yake. Na pwani yetu hii imejengwa na watu wa namna yako. Yule msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni wa madhehebu ya Shafi'i, na mji wenyewe ulikuwa bandari ya wafanyabiashara waliokuja kwa bahari. Hakuna aliyewahukumu kwa kuja kutafuta.

Lakini ulivyomwambia mama yako, hilo limeniumiza. Umemwambia unahama kwa ajili ya dini, naye akanyamaza. Mama wa Kiislamu aliyelelewa kuiheshimu dini, akiambiwa na mwanawe kwamba hii ni amri ya Allah, atasema nini? Umemfunga mdomo kwa kitu kisichokuwa kweli. Hadithi ya nia, aliyoipokea Umar (r.a.), ina mfano huohuo: anayehama kwa ajili ya dunia aipate, hijra yake ni kwa hicho alichokihamia. Rudi Newala, kaa naye, mwambie kwamba ni biashara, kisha umsikilize. Huenda akakupa radhi, huenda asikupe, lakini atakuwa amejibu jambo lenyewe.

Kuhusu hukumu, wanachuoni wetu wa Kishafi'i wanasema safari ya biashara yenye usalama haizuiliki kwa mzazi kutotaka tu, tofauti na safari ya hatari. Nakuambia hivyo ili nisikubebeshe lisilo wajibu. Ila hukumu hiyo inadhania kwamba mzazi ana wa kumwangalia. Kama mama yako hawezi kusimama, na hakuna dada, kaka au jamaa mwaminifu wa kumwogesha, kumpikia na kumpeleka hospitali, basi kubaki naye ni faradhi juu yako wewe binafsi, na kuondoka ni dhambi. Mtu alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Akasema ndiyo. Akaambiwa ajitahidi katika kuwahudumia wao. Wewe huendi jihadi, unakwenda kununua nyumba. Wala usijifariji kwamba utamchukua baadaye. Kibali cha familia kule ni cha mke na watoto wadogo, mzazi hayumo.

Yupo anayeweza kubaki naye? Basi mwachie huyo matumizi ya kutosha, yanayojulikana kiasi na tarehe. Kutuma ukikumbuka hakutoshi.

Mkopo wa riba ili kununua nyumba ya pili katika nchi ya pili haufai. Dharura haipo, kwani una nyumba ya kuishi na biashara inayokulisha. Aya za mwisho za Suratul Baqara kuhusu riba unazijua. Zipo taasisi za fedha zinazofuata sharia, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011 na dirisha la Al Barakah la CRDB, na Uturuki kuna benki za aina hiyo pia. Ukienda, uliza jambo moja: je, benki inakinunua kitu na kukimiliki kwanza ndipo ikuuzie kwa faida inayojulikana, au inakupa fedha taslimu na kudai zaidi? Hiyo ya pili ni riba hata ikiandikwa kwa Kiarabu.

Lipo ambalo hukuuliza, nami siwezi kulinyamazia kwa sababu ninaijua mikoa yetu hii. Mtaji wako umetoka wapi? Kama umenunua kwenye mnada kwa stakabadhi ghalani, yaani mazao yakawekwa kwanza ghalani na kuuzwa kwa mnada, mkulima akalipwa kupitia chama chake, Allah akubariki. Lakini kama ndani yake kuna kangomba, yaani korosho zilizonunuliwa kwa mkulima nje ya mnada, simama hapo. Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea ana mgonjwa, au ada ya shule, na msimu bado. Anapewa fedha kidogo, kisha korosho zikianguka anachukuliwa kilo kwa bei ya chini mno, au kwa chombo kisichopimwa. Sharia inaruhusu kulipa kabla kwa mazao ya baadaye, ila kwa masharti: bei yote ilipwe papo hapo, na kipimo, ubora na muda vijulikane. Ukimpa fedha kama mkopo na kudai korosho za thamani kubwa zaidi, hiyo ni riba. Ukinunua korosho za mti fulani ungali kwenye maua, Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake, kama alivyopokea Ibn Umar. Uliowadhulumu kwa njia hiyo uwatafute mmoja mmoja kabla ya kupanda ndege. Toba ya haki ya mja haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe, na ukiwa Istanbul utamtafutaje mzee wa kijijini? Madeni yaliyofika muda wake yana hukumu hiyohiyo. Anayekudai ana haki ya kukuzuia kusafiri mpaka umlipe au umwekee wakili atakayemlipa.

Ukifika kule kwa halali, kumbuka kwamba ukaazi wa mwenye nyumba ni ruhusa ya kukaa. Si kibali cha kazi. Kama unataka kusimama dukani, omba kibali chake.

Na wakala akikuongezea kwamba kwa dola 400,000 utapata uraia kabisa, usikimbilie. Kiwango hicho kipo tangu mwaka 2022, na nyumba haiuzwi kwa miaka 3. Lakini Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa Uturuki, wa hapa umekwenda. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumpa asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Ile mikorosho ya Newala utakayoirithi kesho pamoja na ndugu zako, utaipokea kwa hadhi gani? Mwone mwanasheria kabla, maana madhara yake yanawafika warithi wengine na wanao pia.

Imebaki zaka. Nyumba utakayoishi mwenyewe haina zaka. Ukiipangisha, thamani ya nyumba haina zaka, bali kodi unayoikusanya ikibaki mkononi ikafika nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) na kupitiwa na mwaka, unatoa asilimia 2.5. Lakini ukiinunua tangu siku ya kwanza kwa nia ya kuiuza bei ikipanda, hiyo ni mali ya biashara, na kila mwaka unaitathmini kwa bei ya soko. Ikiwa na thamani ya dola 200,000 zaka yake ni dola 5,000, hata kama hujapata mpangaji. Kwa hiyo itengeneze nia yako kabla ya kusaini.

Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba zaka hutolewa mahali mali ilipo, kwa hiyo zaka ya mali ya Uturuki wapewe mafakiri wa huko. Wapo wanachuoni walioruhusu kuihamisha kwa jamaa wenye shida zaidi, na ukiwafuata katika hilo kwa ndugu zako wahitaji wa Newala sitakulaumu. Mama yako usimhesabu humo. Matumizi yake ni haki yake juu yako, yanatoka katika mali yako mwenyewe.

Wallahu aalam.