Pomboo kwenye jarife: msijaze sifuri

Mleta mada, umesema kampuni anayofanyia kazi mdogo wako imeletewa fomu na mnunuzi wa Marekani. Fomu inauliza samaki wanavuliwa kwa zana gani, wapi, na ni pomboo, nyangumi au nguva wangapi wanakufa kwenye uvuvi huo kwa mwaka. Unauliza kama hii ni mbinu ya kutufungia soko. Mchangiaji mmoja hapo juu ameshauri mjaze sifuri kila mahali, kazi iishe. Naomba nijibu kwa kirefu. Nimefanya kazi miaka mingi madikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, kusini Unguja, nikiandika takwimu za samaki kwa ajili ya watafiti, na habari ya pomboo kwenye nyavu si ya kusimuliwa kwangu.

Kwanza chanzo cha fomu. Marekani wana sheria ya kulinda mamalia wa baharini tangu 1972, na ndani yake kuna kifungu kinachozuia kuingiza samaki kutoka nchi ambazo uvuvi wake unaua mamalia hao kupita viwango wanavyobanwa navyo wavuvi wa Marekani wenyewe. Kifungu kile kililala miaka mingi. Mwaka 2016 ndipo walipotunga kanuni za kukitekeleza, wakazipa nchi muda wa kujiandaa, wakauongeza zaidi ya mara moja, na tangu Januari 1, 2026 zuio linafanya kazi. Nchi zaidi ya mia moja zilipimwa, tena kwa kila aina ya uvuvi peke yake: uvuvi mmoja wa nchi unaweza kupita na mwingine wa nchi hiyohiyo ukakataliwa. Kwa hiyo hatujalengwa sisi. Maumivu ya soko yapo, sibishi, lakini wavuvi wa Maine na California walianza kubanwa zamani kabla yetu.

Wanabanwaje? Hapa ndipo napenda watu waelewe, maana hesabu yenyewe ni rahisi. Unachukua idadi ya chini ya pomboo wa eneo fulani ambayo una uhakika nayo. Unazidisha kwa nusu ya kasi ya juu ambayo kundi linaweza kuongezeka kwa mwaka. Kwa pomboo wanachukua asilimia 4, nusu yake 2. Kisha unazidisha kwa namba ya tahadhari, kati ya 0.1 na 1, kutegemea kundi liko katika hali gani. Jibu ndilo idadi ya vifo vya mikono ya binadamu ambavyo kundi linaweza kuvistahimili kwa mwaka, uvuvi wote ukijumlishwa.

Sasa ilete hesabu hiyo Kizimkazi, kijiji cha kusini Unguja ambako watalii huenda kuona pomboo. Watafiti walipohesabu pomboo wa pwani ile, kati ya 1999 na 2002, walipata kama 150 wa aina inayoonekana sana na watalii, na kama 60 wa aina ya pili, wale wenye nundu mgongoni. Tumia 0.5 kama namba ya tahadhari: 150 × 0.02 × 0.5 ni 1.5. Kwa wenye nundu ni 0.6, yaani hata mmoja kwa mwaka ni wengi. Na waliokuwa wakinasa kwenye nyavu wakati ule walizidi hapo mara kadhaa. Hakuna nahodha aliyekusudia. Jarife, yaani wavu mrefu wa kutega, huwekwa jioni, hasa siku za giza ili samaki wasiuone wavu, na huvutwa alfajiri. Jodari, nguru na papa wanapita hapo, na pomboo anawafuata samaki walewale. Akishanasa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi. Hana matamvua, anakufa maji kama mtu.

Asubuhi moja mashua iliingia diko, mabaharia wakateremsha nguru na papa, mnada ukaanza. Nahodha akaniita pembeni. "Mwanangu, hili usiliandike." Chini ya turubai alikuwepo pomboo jike. Uzi ulikuwa umemkata ngozi kwenye pembe za mdomo, alama nyembamba zilizonyooka, na mkia umefungwa wavu mpaka nyama imebadilika rangi. Nilipomgeuza tumbo, maziwa yalitoka. Yule mzee alikaa kitako mchangani, hakusema neno kwa muda. Wanaodhani wavuvi hawajali wangemwona siku ile.

Kwa nini hakutaka niandike? Kwa sababu sheria zetu zinakataza kuvua pomboo, nguva na kasa, na yeye alichokielewa ni kwamba maiti ile ni kesi. Nahodha mwenye hofu hiyo atamkata pomboo chambo cha papa hukohuko nje, au atamfunga jiwe azame, na sisi dikoni tutaandika sifuri. Nilimwambia sitaandika jina lake wala la chombo; nitaandika aina, urefu, zana na mahali alipotega. Akakubali. Habari ikazunguka, na manahodha wengine wakaanza kuniita wenyewe. Idadi ikapanda kwenye daftari langu ilhali baharini hakuna kilichozidi. Kilichopungua ni kuficha.

Sheria ya Marekani imelitambua hilo. Mvuvi wa biashara akiua au kujeruhi mamalia kwa bahati mbaya anatakiwa kuripoti ndani ya saa 48 baada ya safari kuisha, na akiwa amefuata masharti ya uvuvi wake hashtakiwi kwa ajali ile. Adhabu iko kwa anayeficha. Nataka sana kanuni zetu zifike hapo: marufuku ya kuvua kwa kusudi ibaki kali, ila ajali iwe na mlango wa kuripotiwa bila pingu.

Mfano mkubwa kuliko wote wa vifo kuhesabiwa kisha vikapungua ni uvuvi wa jodari wa Pasifiki ya mashariki. Kule jodari wakubwa huogelea chini ya makundi ya pomboo, na meli zilikuwa zinawazungushia wavu wote pamoja. Mwaka 1986 pekee walikufa pomboo zaidi ya 100,000. Kilichobadilisha mambo ni makubaliano ya miaka ya 1990: kila meli kubwa ikawa na mwangalizi kila safari, na kila meli ikapewa kikomo chake cha vifo kwa mwaka, ukikifikia, huruhusiwi tena kuzungushia pomboo mpaka mwaka uishe. Nahodha akawa na sababu yake mwenyewe ya kurudisha meli nyuma, ukingo wa wavu uzame na pomboo watoke. Vifo vimeshuka chini ya 1,000 kwa mwaka, na jodari bado wanavuliwa.

Kwetu Bahari ya Hindi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu pomboo wengi wanafia kwenye nyavu za kutega za vyombo vidogo, ambavyo mwangalizi hana hata pa kukaa. Makadirio yaliyochapishwa 2020 yanasema nyavu za jodari za bahari hii nzima zimenasa mamalia hawa wapatao milioni 4.1 kati ya 1950 na 2018. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi imepiga marufuku nyavu za kuelea zenye urefu wa zaidi ya kilomita 2.5 kuanzia 2022. Hatua nzuri, ila majarife yetu mengi ni mafupi kuliko hapo, hayaguswi.

Zana zinazosaidia zipo. Ving'ora vidogo vya betri vinavyofungwa kwenye wavu vimejaribiwa hata Zanzibar. Shida ni bei na betri. Mimi nina imani zaidi na walichofanya wavuvi wa Pakistan: waliushusha wavu kama pima moja (karibu mita mbili) chini ya uso wa maji kwa kurefusha kamba za maboya, na pomboo walionaswa wakapungua zaidi ya robo tatu. Gharama ni kamba tu, na jodari waliendelea kupatikana.

Turudi kwenye fomu. Mwambie mdogo wako asichanganye bidhaa. Pweza wa kuchokoa mwambani aandikwe peke yake na zana yake. Uvuvi huo hauna hatari kwa pomboo na kuueleza vizuri kunamlinda mama anayeuza pweza wake. Samaki wa mshipi, peke yake. Samaki wa jarife hapo msiandike sifuri. Wale watu wanaangalia zana kwanza, na wavu wa kutega usio na takwimu unahesabiwa kuwa wa hatari moja kwa moja, kwa hiyo sifuri yenu haitasaidia kitu. Andikeni ukweli kwamba hakuna kumbukumbu, kisha muanze kuziweka: daftari dikoni, liwe mikononi mwa kamati ya wavuvi, lisiwe na jina la chombo. Safu ziwe tarehe, zana, eneo, kiumbe, mzima au mfu, ameachiwa au la. Picha ya simu ya kichwa na pezi la mgongoni inatosha mtaalamu kutambua aina. Kama kamati ya kwenu haijui pa kuanzia, nijibu hapahapa. Mpangilio wa daftari nitauweka kwenye uzi huu wote muutumie.