Mume ataka kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya marehemu babake, na pesa ni zangu

Shangazi, assalamu alaikum. Mie nimeolewa Majengo, Mombasa, twakaa nyumba aliyoacha baba mkwe Mungu amrehemu, ile ya kizamani vyumba sita na ujia katikati. Mama mkwe ana chumba chake, viwili tumepangisha, na ardhi si yetu, twalipia kila mwezi kwa mwenyewe. Sasa mume wangu ataka mara tu Idi ikiisha tung'oe mabati, tumwage slab ya zege, tupandishe ghorofa tukae juu na chini tupangishe. Wao wako wanne, yeye, kakake alioko Qatar, na mawifi wawili wameolewa Kisauni. Kaka ameahidi kutuma kitu, na mie nina laki nne za chama nilizoweka kwa tabu. Fundi ni binamu yake, amegonga kuta akasema ziko sawa. Kila nikiuliza naambiwa simuamini mume wangu. Nitoe ama nizuie? — Mke Mwenye Wasiwasi, Majengo

Waalaikum salaam mwanangu. Nikwambie mapema ili usome ukiwa umetulia: usizuie, na pia usitoe saa hii. Waambie pesa ziko na zitatoka siku karatasi zitakapokuwa tayari. Haya sasa kaa nikueleze karatasi gani, manake hapo ndo pana kazi yenyewe, hii ya simiti na mchanga ni ya mwisho kabisa.

Umeandika "nyumba aliyoacha baba mkwe" na hukusema kama mirathi ishagawanywa. Nachukulia bado, familia nyingi hapa mjini hukaa hivyo hivyo miaka, mtu akiogopa kuonekana ana haraka na mali ya maiti. Lakini sharia haingoji mtu, haki ilishaingia kwa kila mmoja siku ile ile. Tupige hesabu, kama hakuacha mke mwengine wala mzazi aliye hai wala deni: mama mkwe ana thumni yake, yaani moja ya nane, iliyobaki wagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Sasa ikate nyumba mafungu 24. Mama ana 3, mumeo ana 7, wa Qatar ana 7, na mawifi kila mmoja ana matatu na nusu. Kwahivyo mumeo anaposema "nyumba yangu" asema kwa mapenzi na kwa mazowea, lakini saba kati ya ishirini na nne si nyumba. Na wewe mwenye laki nne huna hata fungu moja humo.

Sisemi mawifi zako wabaya, hata siwajui. Nasema leo wamenyamaza kwa sababu ni paa la mabati na chumba cha mama yao, siku itakapokuwa ghorofa yenye wapangaji wanne chini watauliza, na wakiuliza watakuwa na haki wallahi. Afu huyo kaka wa Qatar akituma pesa, atuma kama mkopo, kama sadaka kwa mamake, ama anunua sehemu ya juu? Muulizeni sasa, akiwa bado hajatuma. Nendeni kwa Kadhi mgawanyo uandikwe, halafu warithi wote wakae waamue kwa maneno ya wazi, yule atakayejenga juu awe mwenye juu, chini ibaki ya wote kwa mafungu yao, ama mmoja awanunue wenzake, yoyote itakayowaridhisha, bora iandikwe na watie sahihi wote pamoja na mama. Wa Qatar aulizie ubalozi wetu pale Doha jinsi ya kutia sahihi yake ikubalike huku.

Na laki nne zako zipewe jina. Kukuweka kwenye nyumba ni wajibu wa mume, pesa zako ni zako, ukimpa umempa kwa hiyari. Kama ni mkopo andikeni mkopo, kama ni sehemu ya jengo andikeni ni sehemu gani, kama ni zawadi basi useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ni zawadi na usije ukaidai siku mmekosana. Mashahidi wawili wanatosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, hata baina ya watu wanaopendana.

Halafu kuna ardhi, na hili mumeo hakulitaja kabisa kwenye maneno yako ndo likanitia hofu. Nyinyi mna nyumba bila ardhi kama nusu ya majirani zenu. Mwenye ardhi alimkubalia mzee wenu nyumba ya chini yenye mabati, hakumkubalia ghorofa la zege. Mkimwaga slab bila yeye kuandika ameridhia mmejifunga wenyewe, kesho akipandisha kodi mara tatu ama akisema anauza kiwanja, mtaling'oa zege mwende nalo wapi? Nendeni kwake kabla hajaona hata tripu moja ya mchanga barabarani, manake akishaona mchanga bei yake inabadilika. Muombeni mkataba wa miaka mingi, tena muulizeni kama anaweza kuwauzia kile kipande. Isitoshe kaunti hawatapitisha ramani kama hakuna karatasi ya ardhi, na kujenga ghorofa bila kibali cha kaunti ni kungoja ule msalaba mwekundu wa kubomolewa upigwe ukutani.

Sasa kuta. Binamu amegonga akasikia ngumu. Mwanangu, ukuta wa nyumba hizo umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mwengine ni miti na udongo umepakwa plasta juu ukapendeza, na ulijengwa kubeba boriti na mabati basi. Zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Slab ya unene wa sentimita 15 kila mita moja ya mraba ina kilo 360. Nyumba yenu kama ni mita 10 kwa 15 basi slab peke yake ni tani 54, hapo hujaweka ukuta wa juu, tangi la maji, wala kitanda, wala mtu. Sasa hizo tani zikae juu ya msingi ambao hakuna aliye hai ajuae umeenda chini futi ngapi? Kabla ya lolote tafuteni injinia aliyesajiliwa, achimbe kishimo pembeni mwa ukuta auone msingi kwa macho yake, na gharama ya kumleta hiyo ndo pesa ya kwanza ningekuruhusu uitoe kwenye laki nne zako. Nadhani atawaambia nguzo mpya zianzie chini kabisa, na hiyo maana yake vyumba kadhaa vitachimbwa ndani na bajeti yenu ya sasa haitoshi, bora mlijue hilo mapema kuliko mkiwa mshang'oa paa.

Kuna kisima uani? Nyumba nyingi za huko zipo nacho, na maji yake yana chumvi. Hayo yasiguse zege lenye chuma hata kidogo. Fundi atayapenda kwa sababu ni ya bure na ya mkokoteni yanalipiwa kwa mtungi, lakini chumvi inakula chuma ndani kwa ndani, kutu ikivimba inapasua zege. Pita hapo mjini utizame chini ya baraza za ghorofa za zamani karibu na bahari, utaona zege limebanduka vipande na vyuma vyekundu vimetokeza kama mbavu. Mchanga wa pwani nao vile vile. Na siku ya kusuka vyuma simama uangalie kama wameweka vile vibiskuti vya simiti chini yake, chuma kikilala juu ya mbao bila kitu zege halitakifunika, na hewa yetu hii yenye chumvi itakifikia. Slab ikishamwagwa imwagiliwe kila siku, wiki moja ndo kidogo kabisa, na mbao za chini zisitolewe mpaka injinia aseme.

Kuhusu kuanza baada ya Idi, hapana. Idi sikuhizi yaangukia Machi na masika yenyewe yaingia Aprili, Mei ndo mvua yenyewe ya Mombasa, hamuwezi kung'oa mabati mkakaa na mama mzee na watoto chini ya turubai. Tumieni masika na kusi kwa karatasi, Kadhi, mwenye ardhi, injinia, kaunti, na wapangaji wapewe notisi yao kwa heshima. Mkijaliwa muanze kaskazi ikiingia, Disemba hivi. Ramadhani inayofuata mafundi watafanya nusu siku, lihesabuni.

Simiti msinunue yote pamoja eti bei itapanda, kwa unyevu wa huku inashika mabonge ndani ya mfuko. Nunueni ya wiki, iwekwe juu ya mbao mbali na ukuta. Binamu mpeni kazi kama anajua kazi, lakini alipwe kwa hatua iliyokwisha kama fundi mwengine yeyote, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwenu mpaka mvua moja inyeshe mwone kama kunavuja. Na hesabu ikishatoka ongezeni moja juu ya tano ya pembeni, nyumba ya zamani haikosi jambo ukiifungua.

Na mama mkwe atalala wapi miezi hiyo? Hakuna aliyemuuliza, nimetazama barua yako mara mbili. Ile ni nyumba aliyozalia wanawe. Muulizeni kwanza kabla hata ya mwenye ardhi, pengine atakwenda kwa binti yake Kisauni kwa raha zake na pengine hataki ghorofa kabisa, ana fungu lake na ana sauti.

Ikiwa mwenye ardhi atakataa ama injinia atakataa, msione mmekosa. Paa jipya, nyaya za umeme zote mpya, choo kizuri na jiko la uani, hayo yote hayahitaji slab na yatabadilisha maisha yenu, na vyumba viwili vile mtapangisha kwa bei nzuri zaidi. Mirathi iandikwe vile vile lakini.

Kuhusu kuambiwa humuamini, usijibu kwa ubishi. Mngoje ametulia, baada ya isha watoto wamelala, umwambie hivi: laki nne ziko na nataka zijenge, ndo maana nataka twende pamoja kwa mama kesho, kisha kwa mwenye ardhi, na injinia nitamlipa mimi. Mtajie siku. Mwanamume akionyeshwa kwamba pesa ipo na hatua ya kwanza ishalipiwa huacha kuhisi anapingwa. Akikataa kwenda hata kwa mamake, niandikie tena kabla hujatoa shilingi.