Re: Nchi zenye uhasama zinaweza kutunza bahari moja?

Ndugu, umeuliza kama majirani wasioaminiana wanaweza kushirikiana baharini. Wanaweza. Tazama Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya.

Mwaka 1974, Vita Baridi vikiwa bado vinaendelea, nchi 7 za pwani yake zilitia saini Mkataba wa Helsinki dhidi ya uchafuzi. Ujerumani Magharibi na Mashariki zilikaa meza moja, Umoja wa Kisovieti ukiwemo. Shida ndiyo iliyowalazimisha: Baltiki inaungana na bahari kuu kwa milango-bahari myembamba ya Denmark, kwa hiyo maji yake huchukua miongo kubadilika. Uchafu wa mmoja hukaa kwa wote.

Matunda yapo. Sumu kama DDT, dawa ya kuua wadudu, zilipopigwa marufuku, tai wa mkia mweupe waliongezeka tena. Mwaka 2005 jiji la St. Petersburg, Urusi, lilipata mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka, majirani wakichangia fedha. Jambo hilo mimi nalithamini kuliko maazimio yote ya mikutano. Hata hivyo, mbolea za mashambani bado zinarutubisha mwani kupita kiasi.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, vikao vya pamoja nayo vilisimamishwa, na mto Neva, unaopita St. Petersburg, bado unamwaga maji humo humo Baltiki.