Nyuzi 24 na kijiti cha mshikaki

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Makorora, Tanga. Nimemaliza kidato cha nne na siku hizi nasuka bangili za nyuzi, nawauzia wenzangu. Nyembamba za nyuzi 6 au 8 nazisuka huku napiga soga. Sasa nimepata oda ya bangili pana: nyuzi 24, rangi 6, mistari ya V. Nafunga fundo moja juu, nalibana kwenye mto kwa pini ya nepi, lakini nyuzi zinapandana tu. Nikifika mstari wa tatu, bluu imeshahamia kwa njano. Nimejaribu selotepu, inabanduka. Mama yangu ni msusi wa ukili, ananicheka, anasema miyaa haina utundu huo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama acheke, lakini anauonea uzi. Miyaa ina ugumu wake, ukiilaza inakaa. Uzi wa kudarizi hauna mfupa.

Mbaya wako ni lile fundo. Fundo ni duara, bangili ni bapa. Nyuzi 24 zikitoka kwenye duara kila moja inatafuta pa kupita, na hata ukizipanga, mwanzo utajikunyata. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya nyuzi 20, na juu ilifanana na mdomo wa gunia la nazi lililofungwa kamba. Mpwa wangu aliivaa siku moja, kwa heshima tu.

Basi fundo liache. Chukua kijiti cha mshikaki, kile cha mianzi, kata ncha isikuchome. (Chelewa ya ufagio nimeijaribu: inapinda ukivuta, na katikati nyuzi zinalegea.) Kata vipande 12 vya mita 2, viwili kwa kila rangi. Kifungu cha uzi kwa kawaida ni mita 8 hivi, kwa hiyo nusu yake inakutosha kwa rangi moja. Kunja kipande katikati, pitisha kitanzi nyuma ya kijiti, kilete mbele juu yake, kisha ingiza ncha zote mbili ndani ya kitanzi uvute. Unapata nyuzi mbili za rangi moja zilizokumbatia kijiti, haziruki jirani.

Mpangilio ndio unaotaka akili. Panga rangi zako sita kutoka pembeni hadi katikati, halafu zirudie kinyumenyume hadi pembeni ya pili. Ukianza na bluu kushoto, umalizie na bluu kulia. Kwa kuwa kila rangi imekaa wawili wawili, kila V itatoka na unene wa mistari miwili. Hiyo kwa bangili pana inapendeza zaidi, kwa macho yangu.

Kabla ya V ya kwanza, weka ukingo. Chukua uzi wa ziada, nje ya wale 24, uvute umekaza kukatiza mbele ya nyuzi zote, chini kidogo ya kijiti. Kila uzi unaoning'inia uuzungushe kwenye huo wa ziada mara mbili, ukikaza kila mara kwa nguvu ileile, kutoka kushoto hadi kulia. Ukimaliza safu hiyo, hata ukiitikisa bangili hakuna uzi utakaohama. Sasa anza V zako. Mkia wa uzi wa ziada utauficha nyuma kwa sindano.

Kijiti chenyewe kifunge ncha zote mbili kwenye kipande kigumu cha boksi, usikiache kizunguke. Selotepu za kung'aa hazipatani na joto letu wala mikono yenye jasho. Ukilazimika, tumia ile ya karatasi ya mafundi rangi.

Mteja akitaka mikia ya kusuka pande zote mbili, kijiti hakifai. Hapo kata nyuzi 24 za mita 1 na robo bila kukunja, zilaze mezani kwa mpangilio, acha sentimita 12 juu, bandika hiyo selotepu ya karatasi kukatiza zote, kisha ukingo uleule. Mikia utaigawa misuko mitatu baadaye.

Kijiti usikichomoe mapema; ngoja usuke kama sentimita 3. Kitaacha vitanzi 12 vimejipanga, na humo ndimo utakapopitisha kamba ya kufungia mkononi.